Ufunguo wa Kufuli Ukipotea
Mawaidha ya Idara ya Zimamoto kwa wafanyabiashara wa soko na wakazi wa ploti



Wengi wamewahi kufika kibandani alfajiri, wakapapasa mfukoni, ufunguo haupo. Mboga ziko ndani, wateja wanafika, na mwenye kibanda anaokota jiwe. Jiwe ndilo kosa la kwanza. Kufuli likigongwa ovyo hukwama zaidi, na mlango huharibika kabla halijaachia.

Kwanza, mwenye kufuli aite shahidi: askari wa soko, jirani au mwenye ploti. Anayekata kufuli peke yake gizani hudhaniwa mwizi. Na kufuli lililowekwa na mtu mwingine, kwa deni au kwa amri, halikatwi. Jambo hilo hupelekwa kwa wanaohusika.

Pili, alitazame komeo. Mara nyingi limeshikwa kwa skrubu zinazoonekana, na bisibisi inatosha. Baadaye azibadilishe, kwa maana alivyofungua yeye ndivyo mwizi atakavyofungua.

Tatu ni kukata. Kufuli la kawaida hukatwa kwa msumeno wa chuma pale juu palipopinda. Lile la chuma kigumu huushinda msumeno. Hapo ni heri kukata komeo lenyewe, kisha fundi wa jua kali alichomelee upya. Grainda ni ya haraka lakini hutoa cheche. Ikiwa ndani mna petroli, mafuta ya taa au mitungi ya gesi, isitumiwe kabisa. Kwingine, fundi avae miwani na ndoo ya maji iwe karibu.

Hayo yote yanahitaji muda, na moto hauna subira. Machi 2001, moto uliteketeza bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, na wanafunzi 67 wakafariki. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Kwa hivyo, chumba chenye mtu ndani kisifungwe kufuli kwa nje, hata kama ni mtoto amelala na mama anakimbia dukani mara moja. Anayefunga kwa ndani usiku atundike ufunguo mahali pamoja, pasipofikiwa kutoka dirishani, na kila mtu nyumbani apajue, watoto pia. Moto ukizuka na ufunguo hauonekani, mlango uvunjwe bila kungoja shahidi wala fundi. Majirani wapige simu 999 au 112 huku wengine wakivunja.

Kufuli jipya kwa kawaida huuzwa na ufunguo zaidi ya mmoja. Leo jioni, kila mmoja autafute ule wa pili, aujaribu kama unafungua, kisha aupe mtu anayemwamini aliye karibu.