Taarifa Ifuate Mto: Habari za Serikali za Mitaa na Misaada ya Jamii Katika Msimu wa Mafuriko, Kilosa na Mikumi

(Mada kwa ajili ya semina ya watendaji wa kata, wenyeviti wa vijiji na waandishi wa habari)

1. Utangulizi



Mafuriko yanaweza kuingia Kilosa mjini siku ya jua kali. Mtu anaamka, anatazama juu, haoni wingu, anaanika mpunga wake uani na kushika njia ya shamba. Maji yatakayomfuata hayakunyesha juu ya paa lake. Yalinyesha upande wa Mpwapwa, katika mkoa jirani wa Dodoma, yeye akiwa usingizini.

 Kwetu msimu mgumu ni wa maji. Nimeombwa nieleze namna habari za serikali za mitaa zinavyosaidia, au zinavyochelewa kusaidia, jamii zetu katika msimu huo. Hoja yangu ni moja: taarifa zetu hupanda na kushuka ngazi za utawala, ilhali maji hufuata bonde. Mpaka taarifa nayo ijifunze kufuata mto, tutaendelea kugawa mablanketi vizuri kuliko tunavyotoa tahadhari.

2. Mto una kalenda yake

Tuanze na mto wenyewe. Mkondoa hauanzii Kilosa. Maji yake mengi hutoka nyanda za Dodoma kwa jina la Kinyasungwe, yakapita Gulwe, yakajibana katikati ya milima, yakapokea maji ya Lumuma, yakapita Kidete, ndipo yakashuka Kilosa mjini. Kutoka hapo mto hutambaa katika tambarare, ukaungana na mito mingine kuwa Wami, na mwisho huingia Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Wajerumani walipoleta reli Kilosa mwaka 1909 walitumia bonde hilohilo kupandisha njia kwenda Dodoma. Ndiyo maana kila Mkondoa unapokasirika, Reli ya Kati huumia.

Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mto ulivunja tuta lililokuwa likiukinga mji. Katika wilaya za Kilosa na Mpwapwa zaidi ya watu 20,000 waliyahama makazi yao. Reli kati ya Kilosa na Gulwe ilisombwa vibaya, na treni zikasimama kwa miezi kadhaa. Familia nyingi zilihamia kwenye mahema, na baadhi zilikaa humo muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotegemea hema kukaliwa. Miaka minne baadaye, Januari 2014, ikawa zamu ya Dumila na Magole. Mto Mkundi ulifurika, ukaharibu daraja na kuikata barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma.

Tazameni tarehe hizo. Desemba na Januari. Sisi huku tumezoea kugawa mwaka kwa vuli na masika, na vikao vyetu vya maandalizi huitwa Februari au Machi, masika yakibisha hodi. Lakini Dodoma haina vuli wala masika. Ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili, na Desemba na Januari umekwisha kushika kasi. Kwa hiyo Mkondoa hufuata kalenda ya Dodoma, si ya Kilosa. Mtendaji wa Kilosa anayesoma utabiri wa masika peke yake anasoma barua ya jirani na kuiacha ya kwake mezani.

Upande wa kusini hali ni nyingine. Kata kama Kidodi na Ruaha, katika jimbo la Mikumi, zinautazama Ruaha Mkuu, ambao maji yake huenda Rufiji. Wilaya yetu ni moja, halmashauri ni moja, lakini mabonde ni mawili. Tangazo moja lililoandikwa makao makuu ya wilaya haliwezi kuwa sahihi kwa mabonde yote mawili kwa saa ileile.

3. Habari inavyopanda na kushuka ngazi

Mamlaka ya Hali ya Hewa hufanya kazi yake. Hutoa utabiri wa vuli, wa msimu na wa masika, na hali ikiwa mbaya hutoa angalizo, tahadhari, au tahadhari kubwa yenye rangi nyekundu. Mwaka 2023 ilitangaza mapema, tangu Agosti, kwamba vuli ingekuja na El Niño. Mvua zikaja kweli. Aprili 2024 Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua na mafuriko, na watu wapatao 200,000 walikuwa wameathirika. Habari ilikuwepo. Swali ni kama ilimfikia mwenye nyumba kwa lugha ya nyumba yake.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati kuanzia taifa, mkoa na wilaya hadi kata na kijiji. Hapa ndipo ugumu ulipo. Mtu wa Gulwe akiona maji yamepanda kupita kawaida, humweleza mtendaji wake. Taarifa hupanda Mpwapwa, kisha mkoa wa Dodoma, kisha taifa. Halafu inaanza kushuka: mkoa wa Morogoro, wilaya ya Kilosa, kata, kijiji, kitongoji. Kila ngazi ina barua, kikao na saini. Maji hayana saini. Safari ambayo karatasi huimaliza kwa siku, maji huimaliza kwa saa.

Tatizo la pili ni lugha. Tangazo tunalolijua sote ni hili: "Wananchi waishio mabondeni wanatakiwa kuhama." Hiyo ni amri, si taarifa. Haimwambii mtu mto umepanda kiasi gani, maji yatafika lini, aelekee wapi, wala mifugo yake aifanyeje. Isitoshe, watu hawaishi bondeni kwa ukaidi. Wanaishi pale kwa sababu mto unaowatisha ndio uliowaletea udongo wa mpunga, mahindi na vitunguu. Anayeambiwa kila mwaka "hama" bila kuambiwa lini na wapi, mwaka wa tatu hasikilizi tena. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Ikilia kila siku kwa sauti ileile, watu huizoea kama jogoo.

4. Wa kwanza kufika ni jirani

Maji yanapoingia ndani usiku, haji mkuu wa wilaya kwanza. Anakuja jirani mwenye tochi. Wanaobeba wazee mgongoni ni vijana wa kitongoji. Anayefungua mlango wa msikiti, wa kanisa au wa darasa ni mtu mwenye ufunguo mfukoni, si mwenye barua ya idhini. Wanaopika uji wa kwanza ni akina mama wa vikoba, kwa sufuria zile za shughuli. Msalaba Mwekundu, halmashauri na Serikali Kuu hufuata na mahema, unga, vyandarua na dawa ya kutibu maji, na msaada wao ni mkubwa. Lakini saa za kwanza ni za jirani, na mipango yetu humwacha huyo nje. Kwenye muhtasari wa kikao anatajwa kama mwathirika tu, ilhali yeye ndiye kikosi cha kwanza cha uokoaji.

Kuna msaada mwingine usioonekana kwenye takwimu zetu. Waathirika wengi hawaendi kambini; hulala kwa shangazi, kwa mkwe, kwa rafiki aliye mwinukoni. Nyumba ya watu watano inalisha kumi na wawili. Kwa kuwa sisi huhesabu mahema, nyumba hiyo haimo katika orodha. Baada ya wiki tatu debe la mahindi limekwisha, na aliyekaribisha naye amekuwa mhitaji. Nashauri tuwaandikishe wenyeji pamoja na wageni wao.

Na orodha yenyewe ndiyo chanzo cha manung'uniko mengi. Mwenye nyumba ameandikwa, mpangaji hakuandikwa. Mjane ameandikwa kwa jina la marehemu. Dawa yake ni ya bei nafuu: orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo na isomwe kwa sauti hadharani kabla ya gunia la kwanza kufunguliwa. Watu wa kitongoji wanajuana. Jina la kubuni halimalizi dakika mbili mbele yao. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inatupa msingi wa kuweka mambo wazi, lakini hata bila sheria, aliyesomewa orodha na kuiona ni mgumu kuamini umbeya.

Niongeze neno kuhusu aina ya msaada. Unga unahitajika wiki ya kwanza. Maji yakishapungua, shamba linabaki na unyevu na tope jipya, na hiyo ni nafasi ya kupanda tena. Nafasi hiyo ni ya siku chache. Mkulima aliyepata mbegu za muda mfupi ndani ya siku hizo atavuna. Aliyezipata baada ya miezi miwili atazila. Mwenye kuandika habari za misaada asihesabu magunia ya unga pekee. Aulize mbegu zimefika lini.

5. Mikumi na faida ya barabara

Mikumi ni mji wa barabara. Magari ya kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita hapo, na pale ndipo njia za Kilosa na Ifakara zinapochepuka. Habari hupita Mikumi kabla ya kufika ofisi yoyote. Dereva wa lori aliyetoka Ruaha Mbuyuni anajua hali ya mto kuliko faili. Mama lishe aliyemuuzia wali ameshaambiwa. Lakini hakuna anayewauliza.

Mikumi pia ina maduka, maghala, nyumba za wageni na hospitali. Barabara ya Kilosa ikijaa tope, vijiji vya katikati, kama vya upande wa Ulaya, hugeuka visiwa. Kwa hiyo akiba ya dharura ya wilaya isikae yote Kilosa mjini, mahali ambapo mto wenyewe unapita. Sehemu yake iwekwe Mikumi kabla ya mvua, ili upande mmoja ukikatika, mwingine ulishe.

6. Mapendekezo

Kwanza, mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hukaa kila baada ya miezi mitatu, kikao chake kimoja kiwe Oktoba au mwanzoni mwa Novemba, na ajenda ya mafuriko iwe ya kwanza. Utabiri wa msimu wa Dodoma usomwe hapo kwa lugha ya kijiji.

Pili, kila kata ya bonde la Mkondoa iwe na wasoma mto: watu wawili au watatu wenye nguzo iliyopakwa rangi mtoni, simu yenye salio, na namba ya wenzao wa chini. Jambo hili si ndoto. Katika bonde la mto Búzi, Msumbiji, wanavijiji walifundishwa kusoma mvua na kina cha mto na kutuma habari kwa redio, na kimbunga Favio kilipopiga Februari 2007 mfumo huo ulitumika. Wafugaji wetu wanaotembea na mifugo milimani wawe sehemu ya kazi hii. Tumezoea kukutana nao kwenye kesi za mashamba; tuwape na heshima ya kutuonya.

Tatu, kila tangazo lijibu maswali manne: maji yako wapi, yatafika lini, watu waelekee wapi, na nani apigiwe simu. Tangazo lisilojibu maswali hayo lirudi kwa aliyeliandika.

Nne, waandishi wa habari wasiishie siku ya kiongozi kukabidhi msaada. Warudi baada ya mwezi mmoja, na baada ya miezi sita. Ujenzi upya wa Bwawa la Kidete, ambalo kazi yake ilikuwa kupunguza nguvu za maji, umezungumzwa miaka mingi. Suala la namna hiyo huendelea kuishi pale tu mtu anapoliuliza mwezi usio na mvua.

7. Hitimisho

Ndugu Mwenyekiti, wafanyakazi wa reli katika bonde hili wamekuwa wakiarifiana hali ya njia stesheni kwa stesheni, kwa kuwa treni haingoji barua ya mkoa. Hatuhitaji kuvumbua kitu kipya. Tunahitaji kuwaiga wao.

Kabla ya chai, naomba zoezi moja dogo. Mtendaji wa Kilosa mjini amtafute wa Kidete humu ukumbini, waandikiane namba. Wa Kidete amtafute wa Lumuma. Kisha wa Lumuma na wa Kidete wamtafute mtendaji wa Gulwe. Hawatamwona. Hakualikwa, kwa sababu Gulwe iko mkoa mwingine na bajeti ya semina hii inaishia mpakani. Maji yake, hata hivyo, yatakuja bila mwaliko. Semina ijayo tumwandikie barua mapema, na leo jioni mmoja wetu aitafute namba yake.