Singida Katika Mchezo wa Mwisho wa Kikombe: Maneno Yaliyosemwa Mbele ya Wanachama, Mungaa

Bwana Mwenyekiti, na ninyi ndugu zetu makarani na watumishi wa serikali mliohudhuria, tumeombwa tuseme machache juu ya Kikombe cha Shirikisho la Mpira, na hasa mwaka ule wa 2018, ambao kila mtu wa Ikungi angali akiukumbuka.

Mashindano hayo yalifufuliwa msimu wa 2015/2016 baada ya kulala kwa miaka. Yanga walitwaa kikombe 2016, Simba wakakitwaa 2017. Wengi wakadhani kimekuwa mali ya Dar es Salaam. Walakini mpira wa kikombe haufanani na ligi. Katika ligi timu kubwa ikiteleza leo husimama kesho. Katika kikombe anayeteleza mara moja hurudi kwake. Ndivyo ilivyowapata Simba: Desemba 2017 walitolewa na Green Warriors, timu ya madaraja ya chini, kwa mikwaju ya penalti.

Singida United nao walikuwa ndio kwanza warudi Ligi Kuu mwaka ule wa 2017, wakifundishwa na Mholanzi Hans van der Pluijm, aliyekuwa zamani mwalimu wa Yanga. Tarehe 1 Aprili 2018 hao Yanga wenyewe wakaja uwanja wa Namfua. Mchezo ukaisha 1 kwa 1, na kwa penalti Singida wakashinda 4 kwa 2. Kati yetu wako waliovaa kijani na njano siku ile; hatuwalaumu, kwani mapenzi ya mpira mtu huyarithi kwa baba yake kama shamba. Baada ya hapo JKT Tanzania wakafungwa 2 kwa 1, na njia ya Arusha ikawa wazi.

Upande wa pili walikuja Mtibwa Sugar wa Turiani, watu wa miwa, waliopata kuwa mabingwa wa nchi 1999 na 2000. Hao waliwatoa Azam kwa penalti huko huko Chamazi, nyumbani kwa Azam, kisha wakaenda Shinyanga wakawafunga Stand United 2 kwa 0. Kwa haki twasema njia yao ilikuwa ngumu kuliko yetu, maana sisi tulipendelewa kucheza Namfua.

Tarehe 2 Juni 2018, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Mtibwa walitangulia kwa mabao mawili. Singida wakarudisha moja kabla ya mapumziko, na katika kipindi cha pili Tafadzwa Kutinyu, kijana wa Zimbabwe, akasawazisha. Hapo ndipo wengi walipodhani kikombe kitapita Babati na Katesh kuja kwetu. Zilipobaki dakika chache Mtibwa wakapata la tatu. 3 kwa 2, basi.

Kuna jambo ambalo karani yeyote atalifurahia. Mshindi alipaswa kuiwakilisha nchi katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na Mtibwa walikuwa na deni la kale: zamani walishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kucheza na Santos, wakafungiwa na kutozwa faini. Miaka mingi ilipita, wachezaji wale wakastaafu, lakini faili halikustaafu. Ilibidi jambo lile limalizwe kwanza ndipo wakaruhusiwa; wakawashinda Northern Dynamo wa Shelisheli, wakatolewa na KCCA ya Uganda.

Na Singida United? Mwalimu alikwenda Azam, Kutinyu naye Azam. Msimu wa 2019/2020 timu ikashuka daraja. Wako wasemao ni kwa sababu haikuwa na shamba la miwa nyuma yake. Sisi hatukubali moja kwa moja, kwa kuwa Mtibwa nao, pamoja na miwa yao, walishuka 2024, wakarudi 2025. Twaona zaidi kwamba timu ile ilijazwa wageni upesi mno, na vijana wa vijiji hivi vyetu walibaki kuwa watazamaji.

Jina la Singida lilifika tena mchezo wa mwisho 2025, safari hii Singida Black Stars. Waliwafunga Simba 3 kwa 1 huko Babati, kisha tarehe 29 Juni, uwanja wa Amaan, Unguja, wakafungwa na Yanga 2 kwa 0. Waliovaa kijani na njano 2018 walivaa tena, na safari hii walirudi nyumbani wakiimba.