Makisio ya Gredi na Pesa za Kikundi

Hotuba kwa mkutano wa vikundi vya kujisaidia vya Kisii na Nyamira



Tumeombwa tuseme juu ya mikopo ya karo. Tutaanza na kosa letu wenyewe, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini tumebadilisha fomu.

Mwaka wa 2023 kikundi chetu kilikuwa na kanuni moja: mwanafunzi wa Kidato cha Nne atapewa mkopo wa karo ya muhula wa tatu ikiwa tunaona atafikisha C+, ile gredi ya kuingia chuo kikuu. Tutaonaje? Kwa mtihani wa majaribio, ule watoto wanauita moki. Pesa zilikuwa kidogo, bonasi ya majani chai haijafika, waombaji wengi. Kanuni ilionekana ya haki.

Msichana mmoja wa shule ya bweni akaleta karatasi yake. Kiswahili B, CRE B, Historia B-, Kilimo C+, Kiingereza C, Biolojia C, Hisabati D+, Kemia D. Tukakaa na kalamu. Hesabu yenyewe mnaijua: A ni pointi 12, A- ni 11, hivyo hivyo mpaka E ambayo ni 1. Masomo 7 yanajumlishwa, na C+ inaanzia pointi 46 kati ya 84. Tukahesabu tulivyozoea: Hisabati, Kiingereza, Kiswahili, sayansi mbili, kisha CRE na Historia. Tukapata 45. Hiyo ni C. Tukamwambia mama yake hapana.

Sasa sikilizeni. Mwaka huo huo serikali ilibadilisha hesabu. Kuanzia KCSE ya 2023 huchukuliwa Hisabati, lugha moja, na masomo mengine 5 ambayo mtoto amefanya vizuri zaidi. Kemia yake ingeachwa, Kilimo kingeingia. Pointi 49, C+ kamili. Karatasi ni ile ile, mtoto ni yule yule!

Binti alirudishwa nyumbani kwa deni, akakaa karibu wiki tatu akichuma majani chai, mpaka mama alipouza mtamba. Januari 2024 matokeo yakatoka: pointi 45. Moja tu imepungua. Kuna wanachama waliosema, "Si mnaona, mlikisia sawa." Hapana jamani. Tulikisia kwa hesabu mbovu, halafu tukasaidia makisio yatimie. Kama ni zile wiki tatu zilizomwangusha, hakuna awezaye kuapa. Mama yupo hapa leo, na ndiye aliyetuambia tuyaseme haya wazi.

Moki nayo ina mambo yake. Shule nyingine huitunga ngumu makusudi ili watoto waamke. Nyingine hutahini kabla silabasi haijaisha. Na katika KCSE yenyewe, Baraza la Mitihani huweka mipaka ya gredi baada ya kusahihisha, likiangalia watahiniwa wamefanyaje. Kwa hiyo alama 40 ya moki si lazima iwe gredi ile ile mwezi wa Novemba. Upande wa pili pia upo: mzee mmoja jirani yetu alikodisha shamba lake la chai kwa sababu mwalimu alimwambia kijana ni wa B+. Kijana akapata C. Shamba bado liko mikononi mwa watu.

Hata wakubwa wamekosea. Mwaka wa 2020, wakati wa korona, Uingereza ilifuta mitihani. Walimu wakakisia gredi, halafu serikali ikazirekebisha kwa fomula iliyoangalia shule ilivyofanya miaka ya nyuma. Karibu asilimia 40 ya gredi za kumaliza sekondari zikashushwa. Mtoto mwerevu katika shule isiyo na jina akabebeshwa matokeo ya waliomtangulia. Wanafunzi wakaandamana, na baada ya siku 4 ile fomula ikatupwa. Hapa kwetu Kenya tulingoja. Watoto wa 2020 wakafanya KCSE Machi na Aprili 2021. Tulinung'unika sana wakati ule, lakini kila mmoja alipata alama ya mkono wake.

Wenye watoto wa mtaala mpya, msilale. Huko kazi ya darasani si makisio tena, ni alama yenyewe. Kwenda sekondari ya juu, mtihani wa Gredi ya 9 ni asilimia 60, ule wa Gredi ya 6 ni 20, na kazi za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 ni 20. Ukimzuia mtoto nyumbani siku ya kazi hiyo, umemkata alama. KCSE ya mwisho itakuwa 2027.

Jambo lingine tulitaje, hata kama linauma. Mzazi akiambiwa mtoto ni wa D, hapo ndipo anatafuta mtu wa kumuuzia karatasi kwenye simu. Nyingi ni za uongo, na za kweli ni mbaya zaidi: mwaka wa 2015 watahiniwa zaidi ya 5,000 wa KCSE walifutiwa matokeo. Kikundi hakitakopesha hata senti kwa kazi hiyo.

Basi fomu mpya iko hivi. Karo ya Kidato cha Nne haiangalii gredi tena. Inaangalia deni la shule na uwezo wa nyumbani. Pesa za chuo ndizo zinazongoja, mpaka matokeo halisi yatoke. Ripoti za mihula mitatu tutaziomba, kila somo peke yake, si kwa kumnyima mtu bali tujue mtoto anahitaji nini. Kama ni Hisabati inamvuta chini, tuna wanachama wawili walimu waliokubali kufundisha Jumamosi.

Fomu ziko kwa katibu. Asiyejua kuandika aje na mtoto mwenyewe, tutajaza pamoja.