Mgeni Amekuja Kutafuta Kimya

Maneno tuliyosema siku ya mafunzo ya vikundi vya kujisaidia



Leo hatuzungumzi juu ya kuku wala mikopo. Vikundi vinavyokaa kando ya msitu wa Kakamega vimetuuliza: mradi wa kambi ya wageni unaendeshwaje? Tutawajibu kwa kisa tulichokiona kwa macho yetu.

Kikundi kimoja, jina tuliache, kilitengeneza uwanja mdogo karibu na msitu. Kikaweka choo, maji na mahali pa moto. Siku moja akaja mama mmoja, mwalimu mstaafu, peke yake, gari lake likivuta trela ndogo. Ndani ya trela mna kitanda na jiko la gesi; ni nyumba juu ya magurudumu. Alilipia siku 3. Alilala usiku mmoja tu, akaenda zake.

Kwa nini? Hakuibiwa. Hakutukanwa. Alipendwa kupita kiasi! Watoto walizunguka trela kumtazama. Vijana wakaleta redio, eti asisikie upweke. Kila aliyepita alimuuliza, "Mwalimu, mzee yuko wapi?" Saa 4 usiku mlinzi akamgongea mlango kumuuliza kama amelala. Nasi wa ofisi ya maendeleo tulikuwepo jioni ile, na hatukusema neno.

Tena mama mmoja wa kikundi, kwa roho nzuri kabisa, alimpelekea jiko la makaa aliingize ndani, maana mvua ilikuwa imeleta baridi. Mgeni akamwambia, "Asante sana mama yangu, lakini hapana." Mama yetu akaona amedharauliwa.

Wapendwa, mgeni alifanya vyema. Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Katika chumba kilichofungwa mtu hulala asiamke tena. Na hili si la trela peke yake. Ni la nyumba zetu pia, sivyo? Jiko la makaa lisilale ndani na watu.

Asubuhi alituaga kwa heshima. Alisema, "Nyinyi ni watu wazuri. Lakini nilikuja kuusikiliza msitu, na sikuusikia." Mweka hazina akamrudishia pesa za siku 2. Wengine wakanung'unika: mtu mzima anakaaje peke yake porini, labda amegombana na watu wa nyumbani. Tukawakumbusha Injili ya Marko, sura ya 1. Bwana Yesu mwenyewe aliamka alfajiri mapema, akaenda mahali pasipo watu, akasali. Kutaka kuwa peke yako si ugonjwa.

Sasa basi, tunauza nini? Choo na maji viko kila mahali. Sisi tuna msitu wenye ndege zaidi ya aina 300, na mbega wanaonguruma kabla jua halijatoka. Hiyo ndiyo mali yetu. Redio huifunika, shoka huimaliza kabisa.

Kwa hivyo, tukumbuke mambo haya:

1. Ruhusa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu chama cha jamii cha msitu kufanya mapatano na KFS, na shughuli za utalii zimo. Kikundi kisianze kambi ndani ya msitu bila kupitia chama hicho. Upande wa kaskazini, kule Buyangu, ni hifadhi iliyo chini ya KWS, na ina taratibu zake.

2. Uwanja. Trela inataka mahali pa sawa, pagumu, penye nafasi ya kugeuzia gari. Mvua yetu hupenda kunyesha alasiri. Trela ikisimama kwenye udongo laini, kesho kikundi kizima kitasukuma. Magurudumu yawekewe mawe, na isiwe chini ya tawi kavu.

3. Mpokeaji mmoja. Chagueni mtu mmoja. Amwonyeshe mgeni choo na maji, ampe namba ya simu, wapatane saa ya kumjulia hali, kisha amwache. Anayeuza mayai au ndizi apitie kwake.

4. Usalama. Mlinzi akae langoni, si mlangoni pa mgeni. Na tafadhali, msitangaze sokoni wala kwa bodaboda kwamba kuna mtu amelala peke yake. Ulimi wetu ndio ufunguo wa mwizi.

5. Moto na chakula. Kuni ziwe kavu, zilizookotwa kwa kibali. Moto uzimwe kwa maji mpaka majivu yapoe. Chakula kifungwe vizuri, kima wana mikono myepesi.

6. Pesa. Kila shilingi iandikwe, mgeni apewe risiti, na hesabu isomwe mbele ya wanachama wote. Miradi mingi haifi kwa kukosa wageni, inafia kwenye kitabu cha hesabu.

Yule mwalimu hajarudi mpaka leo. Kikundi kilimtumia ujumbe wa kuomba radhi, naye akajibu kwamba amesamehe. Siku hizi redio hubaki nyumbani, na yule mama wa jiko la makaa ndiye mpokeaji. Wenzake walimchagua kwa sababu ya ile roho yake nzuri. Sasa anajua pia wakati wa kuondoka.

Mkirudi kikundini, zungumzeni maswali haya: Je, sisi tunamkaribisha mgeni kama anavyotaka yeye, au kama tunavyotaka sisi? Na msitu wetu utakuwa bado na sauti ya kusikilizwa wajukuu wetu watakapopokea wageni wao?

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.