Inama, Angalia Chini

Ndugu msikilizaji wa Goma, umeonyeshwa gari ya okazi. Ni Cadillac ndefu, rangi inang'aa, viti vya ngozi kama vipya. Umeipenda. Kabla ya kulipa, angalia chini ya gari.

Gari za Marekani za aina hii ni nzuri kweli. Lakini tumbo lake liko karibu na ardhi, na sisi tunaishi juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo. Lava ya mwaka 2002 ilipita katikati ya mji. Mpaka leo avenyu nyingi ni mawe makali matupu. Jiwe moja linatosha kupasua karteri, chombo cha mafuta ya moteri. Mafuta yanamwagika, moteri inakauka, inakufa. Rangi haikuambii hayo.

Kwa hiyo, angalia chini ya gari. Peleka fundi wako, si fundi wa muuzaji. Aangalie karteri, bomba la moshi na amortiseri. Muulize pia kama vipuri vya gari hiyo vinapatikana hapa Goma.

Kisha iendesheni kwenye mawe, si kwenye lami tu. Izimeni, mngoje kidogo. Angalieni tena chini. Baba, mama, ukiona tone la mafuta, usitoe pesa siku hiyo.