MTAZAMAJI, JIRANI NA HAKI YA KUJIHAMI

Maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa Buxton, Mombasa, mbele ya wanaharakati wa mageuzi na waumini wa makanisa



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tumelishuhudia, ama sokoni, ama kituo cha matatu, ama mlangoni pa jirani. Ghasia huzuka ghafla, mtu akapigwa mbele ya macho ya watu, na watu hao wakasimama tu. Maswali ni mawili. Kwa nini husimama? Na yule asiyetaka kusimama tu, sheria na imani vinamruhusu afike wapi katika kujihami yeye mwenyewe na kumtetea mwenziwe?

Jibu langu nalitaja mapema. Mtazamaji, kabla hajainua mguu, hujiuliza moyoni mambo mawili: "Nani ataanza?" na "Huyu ni wetu?" Wale wanaoitumia ghasia kwa ajili ya siasa wanayajua maswali hayo vyema, na hutujibia kabla sisi hatujafikiri. Basi kazi yetu ni kuyajibu mapema, wakati wa amani, ili siku ya msukosuko itukute tumekwisha kukata shauri.

Tuanze karibu na nyumbani. Kutoka hapa Buxton hadi kivuko cha feri ni kukata kisiwa tu, na ng'ambo ya maji ni Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, kundi la watu wenye silaha lilikivamia kituo cha polisi cha Likoni, likaua askari, likapora bunduki, kisha likawageukia raia. Waliolengwa ni wale walioitwa watu wa bara: Wajaluo, Waluhya, Wakikuyu, Wakamba. Vikaratasi vya kuwatisha ili wahame vilitawanywa. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa, na wapatao 100,000 wakayahama makao yao. Wengi walijisitiri katika kanisa Katoliki la Likoni. Uchaguzi mkuu ulikuwa miezi minne tu mbele, tarehe 29 Desemba.

Tume ya Jaji Akiwumi iliundwa mwaka 1998 kuchunguza mapigano ya kikabila nchini. Ripoti yake ilikuwa tayari mwaka 1999, lakini wananchi hawakuruhusiwa kuisoma hadi 2002. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilieleza jinsi wavamizi wa Likoni walivyopata msaada wa wanasiasa wa upande wa KANU, chama kilichotawala wakati ule. Hatusemi kwamba Wapwani hawakuwa na malalamiko. Kilio cha ardhi na cha kazi kilikuwa cha haki. Lakini hasira hiyo ilielekezwa kwa mwenye kibanda cha mboga na kwa mpangaji wa chumba kimoja, watu ambao hawakumnyang'anya mtu yeyote shamba.

Tazameni basi kazi ya vikaratasi vile. Havikuandikwa kwa ajili ya anayetishwa peke yake. Viliandikwa pia kwa ajili ya jirani yake, yule ambaye angeweza kufungua mlango usiku na kumficha. Karatasi ilikuwa imemjibia swali lake: huyu si wenu, mwacheni. Ghasia ya kisiasa huhitaji wapigaji wachache na watazamaji wengi. Wapigaji hukodiwa kwa fedha. Watazamaji hupatikana bure, ilimradi wamekwisha kugawanywa.

Ndugu zangu, wataalamu wa tabia za watu wameyachunguza mambo haya kwa muda mrefu. Mwaka 1964 mwanamke kijana, Kitty Genovese, aliuawa usiku katika mji wa New York, na gazeti la New York Times likaandika kwamba majirani 38 walitazama wasitende lolote. Habari hiyo ilizunguka dunia nzima kama ushahidi kwamba binadamu ameota kutu moyoni. Baadaye ilibainika kuwa ilitiwa chumvi, na mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kwamba taarifa yake ilikuwa na makosa. Jirani mmoja wa kike alishuka akampakata yule binti alipokuwa akikata roho.

Hata hivyo habari ile iliwasukuma wataalamu wawili, Darley na Latané, kufanya jaribio lililochapishwa mwaka 1968. Watu waliwekwa kila mmoja chumbani mwake, wakazungumza kwa njia ya vipaza sauti, na ghafla mmoja akasikika kana kwamba ameshikwa na kifafa. Aliyeamini kwamba yeye peke yake ndiye asikiaye alikwenda kutafuta msaada mara 85 katika kila 100. Aliyeamini kwamba wako wengine wanne wanaosikia alikwenda mara 31 tu. Si kwamba walikosa huruma. Kila mmoja alidhani mwingine amekwisha kwenda.

Lakini msikate tamaa, kwa maana uko ushahidi mwingine. Mwaka 2019 watafiti walitoa matokeo ya kutazama picha za kamera za usalama za barabarani katika miji ya Lancaster, Uingereza, Amsterdam, Uholanzi, na Cape Town, Afrika Kusini. Walichunguza magomvi 219. Katika magomvi tisa kati ya kila kumi, walau mpita njia mmoja aliingilia ili kusaidia, na kadiri watu walivyokuwa wengi ndivyo uwezekano wa msaada ulivyoongezeka. Mnaona tofauti? Katika jaribio la 1968 kila mtu alifungiwa chumbani mwake, hakumwona mwenziwe. Barabarani watu huonana uso kwa uso. Mmoja akithubutu, wa pili humfuata. Swali la "Nani ataanza?" hujibiwa na mtu mmoja tu.

Swali la pili ni gumu zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Uingereza waliwachukua mashabiki wa timu ya Manchester United, wakapanga mtu aanguke mbele yao akiugulia mguu. Alipovaa jezi ya timu yao, wengi walimsaidia. Alipovaa jezi ya Liverpool, walio wengi walimpita. Kisha wakawachukua mashabiki wengine wa timu hiyo hiyo, lakini hawa walizungumzishwa kwanza juu ya mapenzi ya kandanda kwa jumla, si ya timu moja. Safari hii aliyevaa jezi ya Liverpool alisaidiwa naye. Mipaka ya "wetu" ilikuwa imepanuliwa kwa maneno machache tu. Mhubiri anayepanda mimbarini na mwanasiasa anayepanda jukwaani wote wana uwezo huo wa kupanua au kufinya, na Mungu atawauliza wameutumiaje.

Mfano mkubwa wa kupanua umetoka katika nchi yetu. Tarehe 22 Novemba 2014, basi lililotoka Mandera lilisimamishwa na wapiganaji wa Al-Shabaab, abiria wakatengwa kwa dini, na watu 28 wasio Waislamu wakauawa. Tarehe 21 Desemba 2015, katika kaunti hiyo hiyo, basi jingine lilisimamishwa, na amri ikawa ile ile: Waislamu kando, Wakristo kando. Hapana shaka kila aliyekuwamo alijua maana yake. Abiria Waislamu walikataa kutengwa. Baadhi ya akina mama waliwapa Wakristo mitandio wajifunike. Mwalimu mmoja Mwislamu, Salah Farah, alipigwa risasi, na Januari 2016 akafariki hospitalini. Watu wale hawakuwa na bunduki hata moja. Silaha yao ilikuwa kukataa swali lenyewe la nani ni wetu na nani si wetu. Wapendwa waumini, huyo ndiye Msamaria wa Luka sura ya 10, ila yeye hakungoja wanyang'anyi waondoke.

Wako wanaosema, "Mimi simo katika siasa, nitakaa kando, nitasalimika." Mithali yetu yasema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji, na wengi wameielewa kuwa ni amri ya kujihadhari peke yako. Lakini kando si mahali pa salama. Tarehe 7 Julai 1997 polisi waliingia ndani ya Kanisa Kuu la All Saints, Nairobi, wakawapiga watu waliokuwamo, na mchungaji Timothy Njoya akapigwa humo humo. Tarehe 1 Januari 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto na akina mama na watoto waliokimbilia humo. Tarehe 17 Juni 2025, siku ambayo vijana wenye marungu na mijeledi waliwashambulia waandamanaji jijini Nairobi, mchuuzi wa barakoa alipigwa risasi kichwani kwa karibu, akafariki kabla ya mwezi kwisha, na afisa wa polisi akashtakiwa kwa mauaji. Kuta za kanisa hazikuwalinda wale, wala biashara ndogo haikumlinda huyu.

Sasa nije kwenye haki ya kujihami. Katiba ya 2010, kifungu cha 26, yampa kila mtu haki ya kuishi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 17, inayapeleka mambo ya kujihami na kulinda mali kwenye misingi ya sheria ya mapokeo ya Uingereza, na misingi hiyo yaelezeka kwa Kiswahili chepesi. Waweza kutumia nguvu ikiwa hatari ipo sasa hivi. Nguvu hizo zisipite kiasi cha hatari yenyewe. Na hatari ikiisha, haki hiyo nayo imekwisha. Anayekujia na panga, zuia mkono wake, msukume, mwangushe. Akiisha kuanguka na panga limemtoka, pigo lako linalofuata si la kujihami tena. Hilo ni la kisasi, nawe ndiwe mshtakiwa.

Maandiko yanajua mpaka huo. Katika Kutoka sura ya 22, mwizi akipigwa akafa akiwa anavunja nyumba usiku, mwenye nyumba hana hatia ya damu. Lakini jua likiisha kumchomozea, hatia ipo. Kwa nini? Usiku huoni ana nini mkononi. Mchana unaona, waweza kuita watu, waweza kumkamata akiwa hai.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu ya neno moja linaloua watu wengi katika miji yetu: "Mwizi!" Neno hilo likipigwa ukelele, wale wale waliosimama kama magogo mama alipopigwa na mumewe huokota mawe na kuleta tairi. Ni umati ule ule, na swali ni lile lile: nani ataanza? Aliyeanza ameanza kwa jiwe, na wengine wamemfuata. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai inamruhusu raia kumkamata mtu anayemwona akitenda kosa kubwa, lakini inamlazimu amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Hakuna kifungu kinachomruhusu kuhukumu wala kuua. Hatuwezi kudai utawala wa sheria kwa serikali, huku vichochoroni mwetu tukiukanyaga.

Nanyi wanaharakati, kumbukeni kile kikundi kilichoitwa Jeshi la Mzee katika miaka ya 1990. Tarehe 10 Juni 1999 mchungaji Njoya alipigwa tena kwa marungu nje ya Bunge. Wanaowatuma wahuni wa namna hiyo huomba jambo moja: mwandamanaji arudishe jiwe, wapate kusema kwamba pande zote zilipigana. Mzuie anayekupiga, mkinge aliye chini, kisha ondokeni pamoja. Msiwafukuze wanaokimbia.

Nimalize kwa mambo ya kutenda, kwa kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka.

Kwanza, jueni majina ya majirani zenu. Hapa Buxton nyumba za zamani zimebomolewa tangu 2021 na majengo marefu yamesimama mahali pake. Anayekaa juu huenda hamjui anayekaa chini. Kila ngazi na kila jumuiya ipange watu watatu wa makabila na dini tofauti, wapeane namba za simu, wakubaliane mlango gani utafunguliwa usiku.

Pili, unapoomba msaada usiuite umati, mwite mtu. Sema: "Wewe wa shati jeupe, piga 999 au 112. Wewe mama, nishikie huyu." Aliyetajwa hawezi tena kudhani kwamba mwingine amekwisha kwenda.

Tatu, penye bunduki usirukie. Laleni chini, ondokeni, ondokeni na watoto na wazee. Kumwongoza mwenzako kutoka hatarini nako ni kuingilia kati.

Nne, ghasia ikipita, kandamiza jeraha linalotoka damu kwa kitambaa safi, usiachie, hadi majeruhi afike hospitali.

Tano, shuhudia. Andika siku, saa, mahali, namba ya gari, namba ya askari. Ikiwa aliyepiga ni polisi, peleka habari kwa IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011. Aliyeona akanyamaza amemwongezea mpigaji siku za kupiga.

Ndugu zangu, vyama vingi vilirudishwa Desemba 1991 kwa sababu wako watu waliothubutu kuanza, nasi wengine tukawafuata. Uchaguzi ukikaribia, vikaratasi huweza kurudi. Na siku hizi huja kwa simu. Kitakapokufikia kimoja kinachosema jirani yako si wako, usikipeleke mbele. Nenda ukabishe mlango wake usiku ule ule, umwonyeshe, umwambie kwamba mlango wako u wazi.