Dipoziti ya Maji na Stima ni Pesa Zako
Mazungumzo na viongozi wa vikundi

Leo tuzungumze juu ya dipoziti ya maji na ya stima. Labda mtauliza, "Sisi tunakaa kwetu shambani, hayo yanatuhusu nini?" Yanatuhusu sana. Watoto wetu wamepanga vyumba mjini. Tena vikundi vingi vimepanga chumba sokoni cha kuuzia mazao au kuweka mashine ya kusaga.

Kwanza tuelewe dipoziti ni nini. Kampuni ya maji inakupa maji mwezi mzima, ndipo inasoma mita na kukuletea bili. Inaogopa mtu atatumia maji kisha ahame usiku. Kwa hiyo unapofungua akaunti inataka amana ya kushikilia. Hofu hiyo ina sababu. Lakini dipoziti si ada, wala si bili ya mwezi wa kwanza. Ukifunga akaunti na kulipa deni lote, unastahili kurudishiwa.

Stima ya bili ni vivyo hivyo. Stima ya tokeni ni tofauti, maana unanunua kwanza, unatumia baadaye. Hakuna anayekukopesha. Basi chumba kikiwa na mita yake ya tokeni, na bado unadaiwa dipoziti ya stima, uliza kwa heshima: "Mzee, hii ni ya kukinga deni gani?" Uliza pia kama mita ina deni la nyuma, kwa sababu deni la namna hiyo huweza kukatwa kila ukinunua tokeni.

Jambo lingine. Katika ploti nyingi akaunti ni ya mwenye ploti. Hapo anayeshika dipoziti yako ni yeye, si kampuni. Ukienda kudai kwenye ofisi ya kampuni, hawana jina lako. Karatasi aliyokuandikia ndiyo shahidi wako. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo tunashauri hivi:

1. Dai risiti yenye jina, tarehe, kiasi, na maneno "dipoziti ya kurudishwa". Ukilipa kwa M-Pesa, tunza ujumbe.

2. Siku ya kuingia, someni mita pamoja na mwenye nyumba, muandike namba. Siku ya kutoka, fanyeni hivyo tena. Hapo hutalipishwa maji ya mtu mwingine.

3. Kikundi kikilipa, risiti iwe kwa jina la kikundi, si la mwenyekiti wala mweka hazina. Kiongozi akihama au akifariki, mtadai kwa jina la nani?

4. Mweka hazina asiandike dipoziti kama matumizi. Aiandike kama mali ya kikundi iliyo mikononi mwa mwingine. Ikiandikwa kama matumizi, siku ya kuhama hakuna atakayeikumbuka.

5. Mwanachama akishindwa na dipoziti, kikundi kinaweza kumkopesha. Asiende kwa wakopeshaji wa riba kali.

Na je, mwenye nyumba akikataa kurudisha? Anzeni kwa mazungumzo, mkiwa na risiti, na mzee mmoja wa kushuhudia. Ikishindikana, kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoundwa kwa sheria ya 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, si lazima uwe na wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe kwa siku 60. Tena Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya kupewa habari anazohitaji kuhusu huduma anayolipia. Haki hiyo haifuti dipoziti, lakini inakuruhusu kuuliza bila woga.

Ndugu zetu, shilingi elfu mbili au tatu si kidogo kwa mtu wa kibarua. Ni karo, ni mbegu ya msimu. Tusiziache kwa kuona haya.

Ya kujadili kikundini:
- Ni nani kati yetu ana dipoziti mahali, na risiti iko wapi?
- Risiti za kikundi zina jina la nani?
- Tufanye nini kabla ya mkutano ujao?